Mirathi moja, mikono mingi: wakili kiongozi, kikosi cha faili au taasisi moja?

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nikusimulie tena?"

Mjane huyo alikuwa amekwisha kusimulia kifo cha mumewe mara nne: kwangu mimi wakili, kwa mthamini, kwa mhasibu na kwa ofisa wa benki. Kila mmoja wetu alimwomba nakala ya cheti cha kifo, na kila mmoja akaandika jina la marehemu kama alivyolikuta kwenye karatasi aliyopewa. Kwenye cheti cha kifo yalikuwa majina matatu. Kwenye hati ya kiwanja yalikuwa mawili. Benki nako lile la katikati lilikuwa na "r" mahali pa "l". Ukimchukua mtaalamu mmoja mmoja, hakuna aliyekosea. Lakini orodha ya mali ilipofika mahakamani ilionekana kama ya watu watatu tofauti, tukarudishwa kuandaa viapo vya majina, na mama yule akaja tena na kanga yake ileile ya msiba kusimulia mara ya tano.

Tangu hapo nimefanya kazi za mirathi kwa mipango mitatu tofauti, na nimeona wenzangu wakibishana upi ni bora. Ninailinganisha hapa kwa ajili ya mawakili, wahasibu, wathamini, masheikh wanaopiga hesabu za mirathi, na wasaidizi wa kisheria wanaotaka kufanya kazi pamoja bila kugongana. Ninazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar kuna Mahakama za Kadhi na Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, na mambo yanakwenda kwa njia yake.

Mipango yenyewe ni hii. Wa kwanza ni wa wakili kiongozi: yeye ndiye kitovu, wengine wanaitwa wanapohitajika. Wa pili nauita kikosi cha faili: wataalamu walewale, kila mmoja na ofisi yake, wanakubaliana kufanya kazi kama timu chini ya mratibu. Wa tatu ni wa taasisi moja: kazi yote inabebwa na chombo kimoja chenye wataalamu wake ndani, kama RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini.

Tutapima kwa vigezo gani

Kalenda ndiyo ya kwanza. Mahakama ya Mwanzo, inayoshughulikia mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu, inamtaka msimamizi wa mirathi awasilishe orodha ya mali na madeni, ile Fomu Na. 5, ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe, kisha hesabu kwa Fomu Na. 6. Kwa shauri lililo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, orodha ni ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka 1. Niliwahi kufanya kazi na mhasibu hodari aliyezoea mirathi za Mahakama Kuu. Akapanga ratiba yake kwa miezi 6, na shauri letu lilikuwa Mahakama ya Mwanzo. Hatukumwambia, kwa sababu kila mtu alidhani jambo dogo kama hilo analijua. Aliyesimama mbele ya hakimu kujieleza alikuwa msimamizi, kijana wa watu, mwalimu wa shule ya msingi.

Cha pili ni namba kusafiri salama kutoka meza moja hadi nyingine. Chukua mfano wa kawaida kabisa. Mume amefariki, wazazi wake walitangulia, ameacha mke mmoja, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Mali inayogawiwa ni shilingi milioni 96. Sheikh anapiga hesabu: mke thumni, yaani moja ya nane, milioni 12. Zinabaki milioni 84, zigawe mafungu 7, mawili kwa kila wa kiume na moja kwa kila wa kike, kila fungu milioni 12. Kila mtoto wa kiume anapata milioni 24, kila wa kike milioni 12. Karatasi inasomwa mbele ya familia, dua inaombwa, watu wanakula pilau. Wiki mbili baadaye mhasibu anakuta deni la SACCOS la milioni 8, na deni hulipwa kabla ya mgawo. Sasa mali ni milioni 88: mke 11, kila wa kiume 22, kila wa kike 11. Hesabu mpya inachukua dakika tano. Kumweleza kijana aliyekwisha kuagiza tofali kwa ile milioni 24 inachukua miezi, na mara nyingine inazaa pingamizi. Kosa halikuwa la sheikh wala la mhasibu. Sheikh aliitwa kabla mhasibu hajamaliza, basi.

Cha tatu ni siri, pamoja na mgongano wa maslahi. Mazungumzo ya wakili na mteja wake yanalindwa na Sheria ya Ushahidi, na ulinzi huo unamfikia karani wa wakili pia. Mthamini na mhasibu wa nje wasijihesabu humo. Juu ya hapo kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ambayo inatuhusu sote tunaorushiana vyeti vya ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto kwenye WhatsApp kama picha za harusi.

Gharama nitaigusa kila mahali, kwa kuwa inalipwa na mali ya marehemu, yaani na warithi. Na cha mwisho ni warithi wenyewe: wanajua waulize kwa nani, au wanazungushwa?

Wakili kiongozi

Mpango huu ndio wa zamani na ndio wengi wetu tumekulia. Familia inakuja na muhtasari wa kikao cha ukoo na cheti cha kifo. Wakili anafungua jalada, anaandaa maombi, halafu anampigia mthamini anayemjua na mhasibu anayemjua.

Kwa upande wa kalenda mpango huu una nguvu. Tarehe zote ziko kwenye shajara moja, na wa kuulizwa anajulikana. Tatizo ni kwamba shajara hiyo ni ya mtu mwenye kesi nyingine thelathini. Anakuwa Mbeya kwenye vikao vya Mahakama Kuu, mthamini anampigia kuuliza kama atathamini kwa bei ya siku ya kifo au ya leo, anajibiwa "nipo mahakamani, nitakupigia". Hapigiwi. Mthamini anachagua mwenyewe.

Taarifa ndipo mpango unapoyumba. Kila karatasi inapita mezani kwa wakili na wataalamu hawaonani. Mthamini anaweza kwenda kupima nyumba ya Tabata asijue kwamba mhasibu ameona kwenye taarifa za benki makato ya mkopo uliowekewa nyumba hiyohiyo rehani. Wote wawili wanamletea wakili, na wakili anaziweka kwenye faili akisubiri siku ya kusoma.

Nimejifunza dawa ndogo inayosaidia sana, nayo ni karatasi moja ya utambulisho wa mirathi. Siku jalada linapofunguliwa, andika ukurasa mmoja: jina la marehemu herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye cheti cha kifo, na chini yake kila namna nyingine ya jina hilo na mahali ilipoonekana, mahakama na namba ya shauri, tarehe ya uteuzi wa msimamizi, siku ya mwisho ya orodha ya mali, iandikwe kama tarehe kamili, usiandike "miezi minne", namba za viwanja na vitalu, na siku ambayo thamani itahesabiwa. Mtaalamu yeyote anayeitwa, anapewa karatasi hiyo kabla hajapewa kitu kingine. Kama tungekuwa nayo, mama yule angesimulia mara moja tu.

Siri iko salama zaidi hapa kuliko kwenye mipango mingine miwili, maana wakili anaamua nani aone nini. Mthamini hana haja ya kujua kwamba marehemu alikuwa na mtoto nje ya ndoa. Mhasibu huenda anayo, kama marehemu alikuwa akimtumia ada ya shule kila muhula.

Gharama inategemea ukubwa. Kwa nyumba moja, akaunti moja na shamba la Kibaha, hakuna mpango wa bei nafuu zaidi. Mali zikiwa nyingi, unajikuta unamlipa wakili kwa kazi ya kukimbiza barua na kuulizia stempu, kazi ambayo karani mzuri angeifanya vizuri kumshinda.

Kuhusu warithi, tuseme ukweli. Wakili wa msimamizi ni wakili wa msimamizi. Watoto wa mke mkubwa wakimwona mdogo wao wa mke wa pili ndiye msimamizi na wakili anazungumza naye tu, hata kama wakili ni mwadilifu kama nini, wataanza kunong'ona. Na wakija kumwomba awashauri wao, inampasa akatae.

Unamfaa nani? Mirathi ndogo au ya kati, familia inayoelewana, na wakili ambaye kweli ana karani. Unamfaa pia mtaalamu ambaye hapendi vikao, anataka aambiwe kazi yake aifanye akaendelee na mengine. Watu wa namna hiyo wapo na wengi wao ni wazuri sana kazini.

Kikosi cha faili

Huu nimeutumia kwa miaka michache na ninaupenda, kwa hiyo soma sehemu hii ukijua hivyo.

Wakili, mhasibu, mthamini na mtu mmoja anayejua ofisi za ardhi wanakubaliana kwa maandishi mafupi kwamba mirathi fulani wataibeba pamoja. Wanamteua mratibu. Kwetu alikuwa dada mmoja msaidizi wa kisheria, hakuwa wakili wala mhasibu, ila alikuwa na daftari. Daftari lile, la kaunta, la jalada gumu, lilikuwa na safu tano: tarehe, kilichopokelewa, kimetoka kwa nani, kinamhusu nani mwingine, amepewa lini. Safu ya nne ndiyo iliyokuwa roho ya kazi. Ripoti ya uthamini ikiingia, haandiki tu kwamba imeingia. Anajiuliza inamgusa nani mwingine, na anaandika: mhasibu, kwa ajili ya Fomu Na. 5, sheikh, asipewe hadi mhasibu athibitishe madeni.

Kila baada ya wiki mbili tulikaa nusu saa. Dada yule alisoma mstari kwa mstari yaliyo wazi kwenye daftari, na mwenye mstari alijibu. Siku moja alisoma: "Kiwanja namba 212, ripoti ya mthamini." Yule wa ardhi akainua kichwa: "Mbona mimi nimefanya upekuzi wa 221?" Mthamini akatoa picha kwenye simu, ya nguzo ya mpaka yenye namba yake. Nyumba iliyothaminiwa ilikuwa ya jirani. Kimya. Kisha tukacheka, kwa kuwa ilikuwa bado iko mezani kwetu, haijafika kwa hakimu.

Kalenda kwenye mpango huu inakuwa ya watu wote, na hapo ndipo penye hatari yake. Jambo la wote huwa halina mwenyewe. Nimeona kikosi kikikubaliana kwa kauli moja kwamba orodha ipelekwe Ijumaa, na Jumatatu kila mmoja akamwuliza mwenzake kama ameipeleka. Dawa ni kuandika jina moja mbele ya kila tarehe, na jina hilo lisiwe "sisi". Na mahakama haijui kitu kinachoitwa kikosi. Inamjua msimamizi, na wakili wake kama yupo kwenye kumbukumbu za shauri.

Taarifa zinasafiri vizuri mno, hadi siri inakuwa tabu. Watu wanne wanaposoma kila kitu, watu wanne wanaweza kuropoka. Tulikubaliana hivi: daftari linaonyesha kuwepo kwa waraka, waraka wenyewe unakaa ofisini kwa wakili, na anayehitaji nakala anaomba kwa sababu. Kundi la WhatsApp lilibaki kwa ajili ya kukumbushana vikao tu. Sheria hiyo ilivunjwa mara mbili na mtu yuleyule, ambaye sitamtaja kwa sababu anaweza kuwa anasoma hapa.

Kuna suala la mgongano wa maslahi ambalo wengi hawaliwazi. Mthamini anayetumwa kazi na kikosi kilekile kila mwezi atathubutu kupingana na wakili anayemletea riziki? Weka tangu mwanzo kwamba ripoti ya mthamini haijadiliwi thamani yake kwenye kikao. Itasahihishwa jina, namba na anwani. Tarakimu ni yake na bodi iliyomsajili. Pale ripoti inapohitaji kupita kwa Mthamini Mkuu wa Serikali, tarehe za huko nazo ziingie kwenye daftari mapema, maana hazifuati haraka zenu.

Gharama: mnaongeza mshahara au posho ya mratibu na saa za vikao. Mnapunguza marudio, viapo vya kusahihisha, na safari za bure kwenda ofisi za ardhi. Kwenye mirathi ndogo hesabu hiyo hailipi. Kila mtaalamu atoe ankara yake kwa jina lake. Ule mtindo wa wakili kupokea fungu moja kisha kumkatia mwenzake asiye wakili "kidogo cha kuleta mteja" utawaletea kesi ya nidhamu.

Warithi wanapata mtu wa kumuuliza, na hilo si dogo. Mratibu hana upande. Yule dada aliweka siku ya Alhamisi, saa nane hadi saa kumi, simu iko wazi kwa mrithi yeyote kuuliza faili limefika wapi. Jibu lake lilikuwa fupi na lilelile kwa wote: limefika hapa, tunasubiri hiki, kutoka kwa fulani. Ushauri wa kisheria alikataa kuutoa, na hakuwahi kuteleza.

Unafaa mirathi yenye mali za aina nyingi: nyumba, hisa, biashara inayoendelea, mifugo, magari, mafao ya mifuko ya hifadhi ya jamii. Unafaa wataalamu wanaokaa mji mmoja na wanaopata mirathi za kutosha kwa mwaka kiasi cha utaratibu kuzoeleka. Ukikutana na mirathi kama hiyo mara moja kwa miaka miwili, kikosi kitakuchosha kabla hakijakusaidia. Na ni lazima mratibu awe na ruhusa ya kumgombeza wakili. Bila hiyo, huyo ni karani wa kuandaa chai.

Taasisi moja

Tanzania Bara mfano unaojulikana zaidi ni RITA, Wakala wa Usajili Ufilisi na Udhamini, ulioanzishwa 2006. Inaandika na kuhifadhi wosia, na Kabidhi Wasii Mkuu, ambaye ndiye mkuu wa wakala huo, anaweza kusimamia mirathi kwa mujibu wa sheria. Watu huiendea pale wosia ulipoitaja, pale familia isipomwafiki mtu yeyote, au pale warithi ni watoto wadogo na ndugu wanawinda mali.

Upande wa mahakama nako kuna jambo linalofanana kidogo na hili. Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia kule Temeke, kilichoanza kazi 2021, kimeweka ngazi za mahakama kuanzia ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu mahali pamoja kwa ajili ya mirathi na ndoa, na wadau kama RITA na ustawi wa jamii wakawekwa karibu. Kituo hakikufanyii kazi yako. Kinachofanya ni kufupisha safari: unatoka kwa hakimu, unavuka ukumbi, unaulizia cheti. Mtaalamu anayefanya mirathi za Dar es Salaam anapaswa kupanga utaratibu wake akijua hilo lipo, uwe mpango wowote anaoutumia.

Kalenda ndani ya taasisi haitegemei uzima wa mtu mmoja. Ofisa akihamishwa au akienda likizo ya uzazi, faili linabaki na mwingine analichukua. Ukilinganisha na wakili kiongozi, ambaye akiugua mirathi yote inaugua naye, hiyo ni faida kubwa. Upande wa pili wa jambo hilohilo ni kwamba anayelichukua anaanza kulisoma upya, na familia inaanza kueleza upya. Taasisi moja niliyowahi kuifanyia kazi kwa mkataba ilikuwa na faili la mirathi lililopita mikononi mwa maofisa watatu. Kila mmoja aliandika "naomba nipitie kwanza" na tarehe. Kurasa tatu za kupitia kwanza.

Taarifa zinakaa kwenye masjala moja. RITA ina jambo la ziada: ndiyo inayosajili vizazi na vifo, kwa hiyo mkanganyiko wa jina kwenye cheti unashughulikiwa ndani ya nyumba ileile. Kwa siri, taasisi ina viapo vya kazi na kanuni zake, na hakuna simu ya mtu binafsi inayobeba wosia. Kwa mgongano wa maslahi, ofisa hana shangazi kwenye ukoo huo, na kwa familia zilizogawanyika hilo peke yake linatosha kuwafanya wapumue.

Ada zake zimepangwa na zinajulikana mapema, jambo ambalo mawakili hatulipendi kulisikia. Lakini taasisi haina wepesi wa kukaa na familia hadi saa mbili usiku Magomeni kumbembeleza kaka mkubwa atie sahihi. Wakili anayeifahamu familia hukaa, na sahihi hupatikana.

Usidhani kwamba ukiwa ndani ya taasisi moja ushirikiano unajitokeza wenyewe. Mwanasheria wa ghorofa ya tatu na mhasibu wa ghorofa ya kwanza wanaweza wasionane mwezi mzima, wakiandikiana dokezo ambalo lingemalizwa kwa kupanda ngazi. Ukiwa unafanya kazi humo, ile karatasi ya utambulisho na ile safu ya "kinamhusu nani mwingine" vinakufaa vilevile.

Unafaa mirathi yenye ugomvi mkali, warithi wadogo, warithi waliotawanyika wengine wako Muscat wengine Minneapolis, au mali ambayo lazima ishikwe kwa miaka kabla ya kugawiwa. Unamfaa pia mtaalamu anayependa utaratibu ulioandikwa na mshahara wa mwisho wa mwezi kuliko kukimbizana na ankara.

Kwa hali yako

Kama wewe ni wakili unayefanya kazi peke yako na karani mmoja, na mirathi nyingi unazopata ni nyumba na akaunti, baki kuwa kiongozi. Tumia karatasi ya utambulisho, na mara moja kwa kila mirathi, kabla ya kupeleka orodha, waweke mthamini na mhasibu kwenye simu moja kwa dakika ishirini. Unakuwa umechukua nusu ya faida ya kikosi bila gharama zake.

Kama wewe ni mhasibu au mthamini na umechoka kuitwa dakika ya mwisho, usingoje wakili aanzishe. Mpelekee maswali matano kwa maandishi kabla ya kukubali kazi: mahakama gani, msimamizi aliteuliwa lini, orodha inatakiwa tarehe ngapi, thamani ya siku gani, na nani mwingine yuko kwenye kazi hii. Asiyeweza kuyajibu hajawa tayari kukuita.

Kama wewe ni sheikh unayeombwa kugawa mafungu, uliza kwa upole kama gharama za maziko, madeni na wasia vimekwisha kutolewa, na uandike kwenye karatasi yako kwamba hesabu hii inasimama juu ya kiasi fulani kilichothibitishwa na fulani, tarehe fulani. Familia haitakulaumu kiasi kikibadilika.

Kama mali ina biashara inayoendelea, duka la Kariakoo lenye mzigo na wadaiwa, sioni jinsi wakili peke yake atakavyoweza. Undeni kikosi, na mhasibu aingie wiki ya kwanza kabla shemeji hajahesabu mzigo kwa niaba ya wote.

Kama ndugu hawasalimiani, au kuna mtoto mdogo ambaye mama yake hayupo hai, zungumzeni na familia kuhusu RITA mapema, hata kama mnapoteza ada. Mnaweza kubaki kwa kazi ndogo: uthamini, hesabu za biashara, kumwakilisha mrithi mmoja anayehitaji wakili wake.

Kama wewe ni kijana uliyetoka shule ya sheria na unataka kujifunza mirathi, omba uwe mratibu wa kikosi kwa mwaka mmoja. Utabeba daftari, utatumwa Ilala na Kibaha juani, na utajua kwa nini hati imekwama kuliko waliokutuma.

Na kama mko katikati ya kazi, mmeanza na mpango mmoja na umekwama, msiubadilishe kabla ya orodha ya mali kuwasilishwa. Kama siku hazitoshi, msimamizi aiombe mahakama muda mapema, kabla ya tarehe kupita. Halafu kaeni na daftari jipya, ukurasa wa kwanza liandikwe jina la marehemu, herufi kwa herufi, na mjane aulizwe mara moja tu kama liko sawa.